Benchi la Watu Sita

Nilitangaza mwenyewe, hakuna aliyenituma.
Jumapili ya tatu ya Majilio, baada ya misa,
nilimshika mkono kila aliyepita mlangoni:
Gerard anakuja. Na mkewe. Na watoto wote watatu.
Hata Bride Hanrahan, ambaye tangu mwaka wa tisini na mbili
tunasalimiana kwa kidevu tu,
nilimfuata hadi kwenye gari lake nimwambie.

Nikapaka jiko rangi ya siagi.
Nikanunua soksi tano za zawadi, nikazitarizi majina;
la Théo nililikosea, nikafumua, nikaanza upya.
Bata mzinga hakuenea kwenye friji,
nikamlaza barazani, baridi ya Newfoundland imlinde.
Yote, nilisema, ni kwa ajili ya Mtoto wa Bethlehemu.
Mungu anisamehe.
Nilitaka waone.

Mkesha, saa nane mchana, simu.
Halifax imefungwa. Theluji imelalia mabawa,
ndege zimejikunyata kama kuku walioloa.
"Mama, tumejaribu."
Nikasema, "Sawa, mwanangu,"
kwa ile sauti ambayo sawa yake ina mwiba,
niliyorithi kwa mama yangu, naye sijui kwa nani.
Nikakata simu kabla watoto hawajaomba kuongea nami.

Hilo ndilo linaloniuma. Si theluji.

Nikakaa nikamfungulia Mungu daftari langu:
sakafu ya kanisa niliyoisugua,
miaka kumi na mmoja ya maua altareni,
kama mtu anayedai chenji dukani.
Saa ya ukutani ilijibu. Yeye hakujibu.

Misa ya usiku nilikwenda kwa sababu
kutokwenda kungeonekana.
Asubuhi nilikuwa nimetandaza skafu nyekundu
juu ya benchi la tatu, nafasi ya watu sita,
na nilipoingia ilikuwa bado imenyooka pale,
kanisa limefurika hadi ngazi za kwaya,
watu wakiiheshimu kama kamba ya polisi.
Nikakaa pembeni yake.
Pengo lile lilipiga kelele kuliko kinanda.

Nyuma, mlangoni panapopuliza,
walisimama wale wa kiwanda cha kaa,
Wafilipino waliofika mwezi wa tano,
viatu vyao si vya nchi hii,
mwanamke amefunga mtoto ndani ya koti lake.
Kila Jumapili walikuwepo.
Sikuwahi kuuliza majina.
Padre akafika pale kwenye nyumba ya wageni iliyojaa.
Nilitazama dari. Nilitazama skafu.
Nikajifanya nina kikohozi.

Kisha nikaivuta. Nisidanganye, haikuwa kwa upendo.
Niliivuta kwa aibu, na aibu ilitosha.

Walikuwa watano. Sikuwahesabu mimi, benchi liliwahesabu.
Marivic, Danilo, nyanya yao, kijana mmoja mwenye mafua,
na mtoto, aliyecheua maziwa
juu ya mkono wa koti langu jipya,
koti la kuonwa.

Nje Bride Hanrahan aliuliza, "Hawakuja?"
"Hawakuja."
Sijawahi kumwambia neno fupi hivyo.
Barafu ilikuwa mbaya njiani. Akanipa kiwiko.

Saa tano usiku nilipiga simu hotelini kwao.
Théo alikuwa macho. Akanisimulia
mashine ya chokoleti iliyoko ukumbini,
vitufe vyake vyote, kimoja kimoja, na kile kilichokwama.
Nilisikiliza hadi mwisho.
Baba yake alipochukua simu nilisema "sawa" tena,
nikajisikiliza, mwiba ulikuwepo bado,
mdogo, kama wa samaki.
Nikaurudia polepole: sawa, Gerard. Lala.

Bwana, huzuni siombi uniondolee, ni yangu.
Daftari tu. Lile lichukue.

Bata mzinga bado yuko barazani, ameganda jiwe.
Kesho Danilo anakuja na msumeno
au na wazo.